Miezi Minane ya Kuliwekea Vitufe Dirisha Jeusi

Programu yenyewe ilikuwa tayari inafanya kazi. Nilikuwa nimeiandika kwa lugha ya Rust, mistari mia nne na kitu: unaitajia folda, inapita faili moja baada ya nyingine, inazichukua alama za vidole (muhtasari mfupi wa yaliyomo), kisha inakuonyesha zilizo pacha. Picha ileile iliyohifadhiwa mara tatu kwa majina matatu inakamatwa. Nikampelekea dada yangu, ambaye diski yake ilikuwa imejaa picha hadi kompyuta inalalamika. Akaifungua, akaitazama, akaniuliza: "Mdogo wangu, sasa hapa nabonyeza wapi?"

Hapakuwa na pa kubonyeza. Lilikuwa dirisha jeusi la amri na kishale kinachopepesa. Nikamwomba anipe wikendi moja tu, nitaliwekea vitufe. Yeye anatumia Windows, mimi Linux, na mwenzangu wa kazini aliyesikia habari hiyo naye akaitaka kwa ajili ya macOS. Sikuona tabu. Rust inakompailiwa, yaani inageuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa mifumo yote mitatu, kwa hiyo nitaandika mara moja na kutoa nakala tatu. Wikendi hiyo ilichukua miezi minane.

Kosa la kwanza nilikuja nalo kutoka lugha nilizozoea. Kwa miaka nilikuwa nimeandika violesura kwa lugha zinazojisafishia kumbukumbu zenyewe. Humo dirisha ni kitu, ndani yake mna paneli, ndani ya paneli mna vitufe, na kila kimoja kinawajua wenzake. Kitufe kikibonyezwa kinaishika orodha, orodha inalishika dirisha, dirisha linaandika ujumbe kwenye ukanda wa chini. Nani anammiliki nani? Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Rust inauliza hilo kabla ya mengine yote. Kila thamani ina mmiliki mmoja. Wengine wanaweza kuiazima: ama wengi kwa pamoja, wakiisoma tu, ama mmoja peke yake, akiibadilisha. Yote mawili kwa mpigo hayaruhusiwi. Kanuni hiyo ndiyo iliyoijengea lugha hii jina tangu toleo la 1.0 lilipotoka Mei 2015, maana inafukuza kundi zima la hitilafu za kumbukumbu bila kuhitaji mfagiaji anayezunguka wakati programu ikiendelea na kazi. Sasa chukua kanuni hiyo, uilinganishe na mti wa wijeti, yaani vitufe, orodha na paneli, zilizoshikana mashati. Ni maji na mafuta.

Nilianza na GTK, maktaba ya violesura inayotumika sana kwenye Linux, kupitia maktaba za gtk-rs. Kila kitufe unakipa kifungu cha msimbo kitakachoitwa kikibonyezwa, na kila kifungu changu kiliitaka orodha ya faili. Kompaila ikakataa: orodha ni moja, nawe unataka kuwagawia sita. Nikafanya wanachofanya wageni wote, nikaifunga orodha ndani ya `Rc<RefCell<_>>`. `Rc` huhesabu ni wangapi wameishika thamani. `RefCell` huuhamisha ukaguzi wa uazimaji: badala ya kufanywa wakati wa kukompaili, unafanywa programu ikiwa inaendeshwa. Kompaila ikanyamaza, nami nikajiona fundi.

Siku ya tatu nikachagua safu moja, nikabonyeza Futa, programu ikafa papo hapo. Kosa lilikuwa `BorrowError`, na ilinichukua jioni nzima kulifuata hadi chanzo. Kitufe cha Futa kiliiazima orodha ili kuibadilisha, kikaondoa safu. Safu ilipoondoka, wijeti ya orodha ikatangaza kwa wote kwamba chaguo limebadilika. Tangazo hilo lilikuwa na msikilizaji, kifungu kingine nilichokiandika kwa mkono wangu, chenye kazi ya kuonyesha ukubwa wa faili iliyochaguliwa. Nacho kikaja mbio kuiazima orodha ileile, wakati Futa bado hakijairudisha.

Nilichogundua hapo kilinitia aibu kidogo. Programu zangu za zamani, zile za lugha nyingine, mara mojamoja zilikuwa zikionyesha maelezo ya kitu ambacho kimeshafutwa. Nilizoea kusema ni kigugumizi cha kuchora, na mtumiaji akibofya tena kinaondoka. Kumbe ulikuwa ugonjwa huuhuu: msikilizaji anasoma data iliyo katikati ya kubadilishwa. Tofauti ni kwamba kule hakuna aliyepiga kelele.

Nikaweka viraka. Nikafupisha muda wa kuazima, nikaongeza mabano ya kuirudisha orodha mapema. Kisha nikaona kumbukumbu haishuki hata dirisha likifungwa: dirisha limeshika kitufe, kitufe kimeshika kifungu, kifungu kimelishika dirisha, na `Rc` haiwezi kuuvunja mduara kama huo. Dawa yake ni marejeo dhaifu, `Weak`, yasiyohesabiwa kama umiliki. Nikayatapakaza kila mahali. Mwezi wa pili ukaisha nikiwa na programu inayofanya kazi na msimbo nisiotaka mtu auone.

Kilichonitoa huko ni mfano uliotokana na Elm, lugha ya kuundia violesura vya kivinjari aliyoitoa Evan Czaplicki mwaka 2012. Upande wa Rust, maktaba ya iced imejengwa juu ya wazo hilo. Hali yote ya programu inakaa mahali pamoja, chini ya mmiliki mmoja. Wijeti haishiki kitu. Ikibonyezwa inatoa ujumbe tu. Ujumbe unapokelewa na kazi moja inayoibadilisha hali, na baada ya hapo kiolesura kinachorwa upya kutoka kwenye hali hiyo. Futa hakigusi orodha. Kinasema "mtumiaji anataka kufuta ya saba", kinanyamaza.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni urasimu. Nilipoijaribu niligundua kwamba kompaila imeacha kunigombeza. Hapakuwa na `Rc`, hapakuwa na `RefCell`, na kwa sababu aina za ujumbe zimeorodheshwa mahali pamoja kwenye `enum`, nikiongeza mpya nikasahau kuishughulikia, `match`, amri inayopitia kila aina, inagoma na kunionyesha mstari. Miezi miwili nilikuwa nikilalamika kwamba Rust haifai kwa violesura, na kumbe ilikuwa ikilikataa umbo moja tu la kuviandika.

Sikubaki na iced, kwa sababu ndogo ndogo za ladha na moja kubwa ya uvivu. Nilipita kwa haraka kwenye maktaba nyingine. Slint ina lugha yake ya kuelezea muonekano, ambayo inakompailiwa pamoja na programu. Ni safi, lakini sikutaka kujifunza lugha ya pili kwa ajili ya vitufe vitano. Tauri, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2022, inakuachia uandike kiolesura kwa HTML na kukionyesha kwa injini ya wavuti iliyomo kwenye mfumo. Faili lake la mwisho ni dogo, ila injini hizo hazifanani: kwenye Windows ni WebView2 yenye asili ya Chromium, kwenye macOS na Linux ni jamaa wa WebKit. Anayekuja kutoka kwenye wavuti atajisikia kwao huko. Mimi nilichukua egui, maktaba ya Emil Ernerfeldt.

Katika egui hakuna mti kabisa. Kiolesura kizima kinaandikwa upya kila fremu, yaani kila mara skrini inapochorwa. Unaandika `if ui.button("Futa").clicked()`, na kitufe hakikuwapo kabla ya mstari huo wala hakibaki baada yake. Hakuna cha kumiliki. Hata hivyo mazoea hayafi haraka. Nilizunguka orodha kuchora safu, na ndani ya mzunguko, safu ikiwa imebonyezewa Futa, nikajaribu kuiondoa palepale. Kompaila ikagoma: unaipitia orodha, huwezi kuipunguza. Safari hii sikutafuta kiraka. Nikaweka kigezo kimoja nje ya mzunguko, nikakiita `kitendo`, safu ikiandika humo inachotaka, nami nikikitekeleza kuchora kukiisha. Ni ujumbe wa Elm uleule, umevaa kanzu nyingine.

Kasoro ya mtindo huu ni kwamba kuchora kila kitu kila mara kuna gharama. Orodha ya dada ilikuwa na safu zaidi ya elfu arobaini, na kuzipitia zote katika kila fremu kuliifanya programu ikokote miguu. egui ina `show_rows`, ambayo inakupa namba za safu zinazoonekana kwa sasa, unachora hizo tu. Lakini safu zote ziwe na kimo kimoja. Nilikuwa nimepanga njia ndefu za faili zijikunje mistari miwili. Nikaachana na mpango huo, nazo sasa zinakatwa katikati kwa nukta tatu.

Kuhusu nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, nilijiona najua. Skrini ya hezi 60 inakupa takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na kusoma video ya gigabaiti mbili hakuingii humo, kwa hiyo usomaji lazima uende kwenye uzi wa pembeni. Uzi mkuu unabaki na dirisha. Hilo la mwisho si hiari: macOS inataka madirisha na matukio yake viendeshwe na uzi mkuu, na ndiyo maana winit, maktaba inayofungua madirisha chini ya egui na iced, inakutaka uanzie hapo kwenye kila mfumo. Nikafungua mfereji wa `mpsc`, njia ya Rust ya kupitishia ujumbe kati ya nyuzi, uzi wa pembeni ukawa unatuma matokeo, uzi mkuu unayapokea kila fremu. Rust hapa ni rafiki wa kweli. Ukijaribu kupeleka kwenye uzi mwingine kitu kisichostahili kuvuka, programu haikompailiki.

Nikampelekea dada. Akanipigia simu: "Imekwama asilimia kumi na mbili." Baada ya muda kidogo: "Aa, imefika arobaini." Kisha: "Imekwama tena." Nikamwuliza anafanya nini inapokwenda. Akasema, "Inakwenda nikiitikisa panya."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka kwa sababu kwangu haikuwa ikitokea. Sababu yake ni kwamba egui haichori bila mwito, ili isiile betri. Inachora kukiwa na tukio: kipanya kimesogea, kitufe kimebonyezwa, dirisha limebadilishwa ukubwa. Matokeo yalikuwa yanafika mferejini vizuri, ila hakuna aliyekuwa akiyaangalia hadi kipanya kitikiswe. Mimi nilipokuwa najaribu, mkono wangu haukutulia hata sekunde moja. Dawa ni uzi wa pembeni kuita `request_repaint` kila unapotuma kitu. Nikaiweka, na nikaharibu upande wa pili: kila faili ndogo ikaleta ujumbe wake na fremu yake, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Sasa matokeo yanakusanywa na kutumwa kwa fungu, kila milisekunde 100.

Sehemu iliyonila muda kuliko zote sikuwa nimeipa hata siku moja kwenye mpango wangu. Ni majina ya faili.

Unadhani jina la faili ni maandishi. Kwenye Linux ni baiti tu, na hakuna anayelazimisha ziwe UTF-8 halali, usimbaji wa kawaida wa maandishi siku hizi. Kwenye Windows ni vipande vya biti 16, ambavyo navyo vinaweza visiwe herufi sahihi za Unicode. Rust inalijua hilo, ndiyo maana ina aina ya pekee, `OsString`, na inakulazimisha ukiri wazi kwamba kulibadilisha jina liwe maandishi kunaweza kushindikana. Nilikiri kwa `unwrap`, yaani nilijibu "haitashindikana" bila kufikiri. Diski moja ya zamani yenye majina yaliyoandikwa kwa usimbaji wa kale ikaiua programu katika sekunde ya kwanza.

Nikatumia `to_string_lossy`, inayoweka alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi mahali pa kisichosomeka. Programu ikaacha kufa. Kisha siku moja nikaona Futa inajibu kwamba faili haipo, nami naiona pale kwenye orodha. Nilikuwa nimelihifadhi lile jina lililopakwa rangi ndani ya hali, na ndilo nililokuwa nikiupa mfumo wa faili. Jina hilo halikuwahi kuwapo duniani. Tangu hapo hali inashika njia halisi bila kuigusa, na maandishi yanatengenezwa dakika ya kuchora na kutupwa. Hata macOS iliniletea jambo la jamii hiyo: herufi é inaweza kuwa alama moja, au e na alama yake ya lafudhi iliyoandikwa kando. Machoni majina mawili yanafanana, kwa kompyuta ni tofauti.

Kuyaonyesha nako ni kazi. egui inakuja na fonti zake chache, na majina ya Kichina yalitokea kama safu ya visanduku vitupu. Kuifunga fonti ya Kichina ndani ya programu kunaongeza megabaiti nyingi, kwa hiyo nikachagua kuitafuta kwenye mfumo wa mtumiaji wakati wa kuanza. Kiarabu kilinishinda zaidi. Herufi zake hubadilika umbo kulingana na jirani yake na husomwa kutoka kulia, na toleo nililokuwa nalo liliziweka mojamoja, zimeachana, kutoka kushoto. Kuna maktaba za kazi hiyo, kama HarfBuzz, na upande wa Rust cosmic-text. Wanaoandika fremuweki mpya za violesura wakiniambia sehemu kubwa ya kazi yao ni maandishi, siku hizi naamini bila kubisha.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nakala ya kwanza ya Windows ilipofunguka vizuri, na vitufe vyake vyote, dada akasema: "Mbona lile jeusi limerudi?" Nyuma ya dirisha jipya lilikuwa limesimama dirisha la amri, maana Windows huihesabu programu kuwa ya amri usipoiambia vingine. Ni mstari mmoja juu ya `main.rs`, unaotaja `windows_subsystem`. Ukishauweka, kila ulichokuwa ukiandika kwa `println` kinaishia hewani, na programu ikifa inakufa kimya. Nikalazimika kuanza kuandika kumbukumbu za makosa kwenye faili.

La kutisha zaidi lilikuwa kisanduku cha kuthibitisha. Mimi niliweka Futa kulia, Ghairi kushoto, kama nilivyozoea kwenye GNOME, mazingira ya madirisha ya Linux, na macOS nayo hukiweka kitufe cha kukubali kulia. Kwenye Windows mpangilio wa kawaida ni kinyume. Mkono wa dada ukaenda kulia kughairi, ukafuta. Nashukuru nilikuwa nimeshaamua kwamba Futa inapeleka kwenye pipa la taka la mfumo, haiteketezi. Sasa mpangilio unategemea mfumo. Njia za mkato pia: egui ina jina moja, `command`, ambalo kwenye macOS ni Cmd na kwingine ni Ctrl. Nilijaribu vilevile kukumbuka mahali dirisha lilipokuwa ili lifunguke hapohapo. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, niliacha, kwa kuwa humo programu ya kawaida haiambiwi dirisha lake liko wapi kwenye skrini wala haiwezi kulipangia.

Kusambaza nitakupitia upesi, maana ni karaha tupu. Nakala ya Linux niliyoikompaili kwenye mashine yangu mpya ilikataa kuanza kwenye mfumo wa zamani, ikidai toleo la glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, ambalo halipo. Unakompaili kwenye mfumo mkongwe kuliko ile ya watumiaji wako, yanaisha. macOS, tangu toleo la 10.15 la mwaka 2019, inazuia kwa kawaida programu iliyotoka nje ya duka lake bila kusainiwa na kupitishwa kwenye ukaguzi wa Apple. Windows inamwonya mtumiaji kuhusu programu isiyojulikana. Hakuna Rust inayokusaidia hapo.

Nilipodhani nimemaliza, nikapata barua ya mtumiaji mmoja asiyeona. Alikuwa mpole. Alisema kisoma skrini chake kinataja jina la dirisha, kinataja vitufe vya juu, kisha kinanyamaza, naye hajui kama kuna faili zozote.

Programu inayojichorea wijeti zake, kwa mfumo ni picha tu. Kisoma skrini hakioni pikseli. Kinauliza mfumo kuna nini, kupitia UI Automation kwenye Windows, NSAccessibility kwenye macOS na AT-SPI kwenye Linux. Njia tatu, lugha tatu. Kilichoniokoa ni AccessKit, mradi ulioanzishwa na Matt Campbell, unaopokea maelezo ya mti wa wijeti kwa umbo moja na kuyatafsiri kwa kila mfumo. egui inautumia, ndiyo sababu vitufe vya juu vilisomeka bila mimi kujua. Safu zangu nilikuwa nimezichora kwa mkono, mstatili na maandishi juu yake, nikijivunia rangi. Hazikuwa na maelezo yoyote. Ilinibidi nizipe kila moja jina na aina yake kwa `widget_info`.

Nikamtumia nakala mpya. Akajibu siku ileile: sasa zinasomeka, lakini kila safu inaanza na njia nzima kutoka mzizi wa diski, folda saba zilezile, ndipo jina la faili lifike mwisho. Safu elfu arobaini. Nimegeuza mpangilio: jina la faili kwanza, ukubwa, kisha folda. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika, na dada hajagundua kwamba toleo alilonalo ni jipya.